Mkono Uliozoea Kusukuma: Kisa cha Katamarani Iliyopinduka Mbele ya Dunga

Jumamosi moja, saa tisa na dakika kumi alasiri, katamarani ya watu wawili, boti ya tanga yenye miili miwili, ilichoma mbele yake majini kilomita moja na nusu hivi kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu, ikainua nyuma, ikalala ubavu. Ncha ya mlingoti ilizama kwenye tope la Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, na kukwama humo. Mimi nilikuwa kwenye boti ya mashine, mita kama 300 nyuma yao, nikaona jambo zima tangu mwanzo hadi mwisho.

Hakuna aliyeumia. Hata hivyo naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu aliyeshika usukani hakuwa mgeni wa ziwa. Ni binti aliyesafiri kwa dingi, boti ndogo ya tanga, miaka minane, na kwa maoni yangu hakuna kijana mwenye mkono mwepesi kuliko wake upande huu wa ghuba. Alichofanya sekunde ile boti ilipopinduka ndicho nilichomfundisha mimi mwenyewe tangu akiwa kidato cha kwanza. Alikifanya sawasawa, na ndicho kilichoipindua boti.

Nitatumia maneno ya mabaharia wa Pwani, kwa kuwa yapo na yanatosha. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Katamarani ina miili miwili myembamba iliyounganishwa kwa mihimili na kitambaa kigumu cha wavu kiitwacho trampolini. Kila mwili nitauita mtumbwi. Yeye nitamwita nahodha, na kijana aliyekuwa naye nitamwita mwenzake.

Dingi aliyoizoea ni Laser: urefu mita 4.23, uzito usiofika kilo 60, tanga moja la mita za mraba 7 hivi, mtu mmoja. Huna wa kuzungumza naye. Kamba ya tanga iko mkono mmoja, fimbo ya usukani mkono mwingine, na mwili wako ndio jiwe la mizani. Katamarani waliyopata ni ya daraja la Formula 18, iliyokwisha tumika nje ya nchi: urefu mita 5.52, upana mita 2.60, uzito kilo 180. Mlingoti wake ni wa mita 9 hivi. Tanga kubwa peke yake ni mita za mraba 17, kuna tanga dogo la mbele, na kuna spineka, lile tanga la kitambaa chepesi lililofura kama shavu, ambalo kwa daraja hili hufika mita za mraba 21. Baharia husimama nje ya boti akining'inia kwa waya wa trapezi, nyayo zikiwa kwenye ukingo wa mtumbwi wa joshi.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kubisha tu, yaani kupanda kinyume cha upepo. Nahodha alipata taabu ya kugeuza. Laser inageuka papo hapo, ukitaka hata kwa kishindo cha usukani. Katamarani ukiigeuza hivyo inasimama katikati, omo imekodolea upepo, kisha inaanza kurudi kinyumenyume. Alijifunza kuingia kwenye mgeuko akiwa na mwendo, kusukuma fimbo polepole, kuliacha tanga la mbele lishike upepo upande wa pili kabla ya kulibadilisha, na kulegeza kidogo tanga kubwa. Siku ya tano alikuwa hakwami tena, kwa hiyo sitakaa hapo.

Kilichomsumbua zaidi, na ambacho mimi nilikipuuza, ni kwamba kwenye boti ya namna hii wakati wa kubisha kamba ya tanga kubwa hushikwa na mwenzake anayening'inia kwenye trapezi, si nahodha. Kwa mtu aliyeshika kamba yake mwenyewe miaka minane, kumpa mwingine ni sawa na kumwambia aendeshe baiskeli huku mtu mwingine akishika breki. Aliniambia waziwazi, "Mwalimu, sijui upepo uko wapi nisipoushika." Nilimjibu kwamba atazoea. Nilipaswa kumsikiliza. Alikuwa ananieleza kwamba mkono mmoja ameshanyang'anywa, na kwa hiyo ule uliobaki kwenye usukani utafanya kazi ya miwili.

Sasa upepo. Kisumu imekaa kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya ghuba, na anayesafiri kwa tanga hapa lazima alielewe hilo kabla ya jambo lingine lolote. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa tanga hutoka nao. Kuelekea adhuhuri maji yanakuwa kioo. Kuanzia saa saba au saa nane, nchi ikishapata joto, upepo hugeuka na kuja kutoka ziwani, magharibi na kusini-magharibi, ukipanda nguvu hadi saa kumi. Wavuvi hurudi nao. Wengi wetu tunaosafiri kwa kupenda hushua boti baada ya chakula cha mchana. Basi kila safari yetu huanza kwa kubisha na huishia kwa upepo wa tezi. Kwenye dingi huo ni mpango mzuri, kwa kuwa kurudi ndiko kupumzika. Kwenye katamarani yenye spineka ni kinyume chake: sehemu ngumu kuliko zote inakuja mwisho, mikono ikiwa imechoka na macho yakiwa yameona nyumbani.

Siku hiyo walibisha vizuri kwa saa nzima. Kipima upepo changu cha mkononi kilisoma noti 12, mikupuo, yaani upepo unaovuma ghafla kwa nguvu, ikigusa 18. (Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa.) Wakageuza omo kurudi, wakapandisha spineka, na boti ikaondoka. Nasema ikaondoka kwa sababu mashine yangu ya hospawa 15 ilianza kuachwa. Mtumbwi wa joshi ulikuwa umeinuka kiasi cha kulamba maji tu, ndivyo inavyotakiwa, na mbao zilikuwa zinaimba, ule mlio wa chini unaotoka pale ubao wa majini unapokata maji kwa kasi. Nilisikia mwenzake akipiga ukelele wa furaha.

Kisha maji nyuma yao yakawa meusi. Mkupuo ulikuwa unakuja, nao walikuwa wameupa kisogo. Uliwafikia. Mtumbwi wa joshi uliruka juu. Nahodha alisukuma fimbo ya usukani mbali naye na kuachia kamba ya tanga kubwa yote. Omo ikageuka kuelekea joshi, mtumbwi wa demani ukaanza kumezwa, kwanza ncha, kisha hadi mhimili wa mbele. Boti ikasimama ghafla kama iliyogonga ukuta. Mwenzake, aliyekuwa kwenye waya, aliendelea kwa kasi ileile, akazunguka mbele ya mlingoti na kuanguka majini upande wa pili. Tezi ikainuka. Yote hayo hayakuzidi sekunde nne.

Jioni ile nahodha alidhani ni magugu maji. Na kweli, tulipoikagua boti tulikuta bua moja la gugu, na mizizi yake myeusi kama nywele, limejisokota kwenye usukani wa demani. Katamarani ina mbao mbili majini na usukani mbili, nne jumla, na ghuba hii imeishi na magugu tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kwa hiyo dhana yake haikuwa ya kitoto. Lakini gugu hupunguza mwendo kabla halijafanya lingine lolote, na mwendo haukupungua. Boti ilikuwa inaongeza kasi hadi pale fimbo iliposukumwa. Siku hiyo gugu lilikuwa shahidi tu.

Ni nini basi? Kwenye Laser, unapobisha na mkupuo ukakupiga, unasukuma fimbo ili omo ielekee upepo, na unalegeza tanga. Boti inatulia. Hata ukienda na upepo wa tezi, dingi ikianza kuyumba na kutaka kukumwaga upande wa joshi, dawa ni kuvuta tanga na kusukuma fimbo kidogo. Kwa hiyo mwili wa baharia wa dingi una jibu moja la haraka kwa hofu: sukuma. Na jibu hilo ni sahihi hata kwenye katamarani, mradi unabisha. Ukishapandisha spineka ukielekea chini ya upepo, jibu hugeuka kabisa.

Nilichukua kalamu usiku ule nikapiga hesabu, kwa kuwa sikutaka kumwambia "ndivyo ilivyo" tu. Chukua upepo wa noti 12, boti ikienda noti 13, upepo ukitoka digrii 140 kutoka omo, yaani nyuma ya bega. Kwa kuwa boti ina kasi kuliko upepo wenyewe, upepo ambao matanga yanauhisi hautoki nyuma tena. Unatoka digrii kama 64 kutoka omo, mbele ya bega, na nguvu yake ni noti 8.6 tu. Ndiyo maana mtu anajiona mtulivu. Sasa mkupuo wa noti 18 unafika, kasi ya boti ikiwa haijabadilika bado. Nahodha asipofanya lolote, matanga yanahisi noti 11.6, karibu zote ubavuni. Akisukuma fimbo na kugeuza omo digrii 15 kuelekea joshi, matanga yanahisi noti 15. Akivuta fimbo na kugeuza omo digrii 15 kuelekea demani, matanga yanahisi noti 8.3.

Soma tena namba hizo mbili za mwisho. Mkupuo ni uleule, digrii ni zilezile 15, tofauti ni upande. Na kwa kuwa msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kusukuma kuliyapa matanga mzigo mara tatu ya ule wa kabla ya mkupuo, ilhali kuvuta kungeuacha mzigo pale ulipokuwa, hata chini yake kidogo, na boti ingetumia ziada yote kukimbia.

Kosa la pili ni la ile kamba. Laser haina waya wowote unaoshikilia mlingoti. Kuachia tanga hakudhuru. Katamarani ya namna hii ina waya mbili za ubavuni na mmoja wa mbele, hakuna wa nyuma. Spineka inapouvuta mlingoti mbele, kinachouzuia kwa nyuma ni tanga kubwa lililokazwa. Ukiliachia lote, mlingoti unapinda mbele na unaisukuma omo chini zaidi. Hata kuvunjika unaweza kuvunjika. Kinacholegezwa ni kamba ya spineka, na hiyo iko mkononi mwa mwenzake. Tulichunguza mlingoti kwa tochi shimo kwa shimo, ribiti kwa ribiti. Haukuwa na ufa, nashukuru.

Na mwenzake? Naye alitoka kwenye Laser. Alikuwa amesimama mbele mno, karibu na waya wa ubavuni, kwa sababu kwenye dingi ukienda na upepo unakaa mbele ili tezi isikokote maji. Hapa mahali pake palikuwa nyuma kabisa, mguu wa nyuma karibu na mhimili wa tezi. Kilo 66 zilizokaa mita moja na nusu mbele ya mahali pake zilikuwa zinaisaidia omo kuzama. Pia hakusema neno. Wote wawili walikuwa wamezoea kusafiri peke yao, na watu wa namna hiyo huona mkupuo unakuja na kunyamaza, kwa kuwa hakujawahi kuwa na wa kumwambia.

Sehemu ya kuinua boti ndiyo iliyonitisha kuliko kupinduka kwenyewe. Upande huu wa ghuba maji ni haba, hayafiki hata nusu ya urefu wa mlingoti ule, na chini ni tope laini. Boti ilikuwa imejitia nanga kwa ncha ya mlingoti wake. Nahodha, kama alivyozoea, aliogelea kuuzunguka mtumbwi akitafuta ubao wa kusimamia ili aiinue. Kwenye Laser unasimama juu ya ubao, unaegemea, boti inarudi. Mtumbwi wa demani wa katamarani uliolala hivi umezama, ule wa joshi uko juu yako mita mbili na zaidi, na ubao huo haukusaidii kitu.

Mtumbwi wa wavuvi uliokuwa ukirudi ulisimama. Mzee aliyekuwa kwenye usukani alinizuia nilipotaka kuufunga mlingoti kamba na kuuinua kwa mashine. "Hapana, mwalimu. Utauvunja. Chomoa kama sindano." Alikuwa anasema kweli. Tulifunga kamba kwenye mhimili na kuvuta boti nzima kufuata urefu wa mlingoti, kinyume na ncha, taratibu, bila kuinua kitu. Tope likaachia na mlingoti ukaelea, kwa kuwa umezibwa usiingie maji.

Hapo ndipo mzee alipopaza sauti: "Nyara! Shika boti!" Nyara kwa Kijaluo ni binti yangu. Nahodha alikuwa ameiachia ili kumsogelea mwenzake. Trampolini iliyosimama wima ni tanga, na boti iliyokombolewa kutoka kwenye tope ilianza kuondoka na upepo. Alipiga mikono majini mara mbili tatu kwa nguvu, na kila alipoinua kichwa ilikuwa mbali zaidi. Muogeleaji mwenye jaketi la kuokoa maisha haifikii katamarani iliyolala kwenye upepo kama ule. Nilimchukua kwenye boti ya mashine tukaifuata. Ningekuwa sipo, angebaki katikati ya ziwa, na boti ingeenda kulala kwenye mafunjo, mahali ambapo viboko hupumzika mchana.

Tuliirudisha spineka kwenye mfuko wake kwanza, tukafungua kamba zote, mwenzake akakaa karibu na omo hadi boti ikageuka na omo ikaelekea upepo, upepo ukaingia chini ya tanga. Wakavuta ile kamba ya kuinulia wote wawili, migongo ikigusa maji. Pamoja wana kilo 121. Haikusogea. Niliruka nikawaongezea zangu 80, ikainuka polepole, kisha kwa kishindo, na safari hii nahodha aliudaka mhimili na hakuuachia. Dakika 40 majini. Niliwatuma wote wakapimwe kichocho baada ya wiki kadhaa, kama ninavyomtuma kila mtu anayekaa majini muda mrefu karibu na ufuo wetu.

Nimeulizwa na wazazi kama binti alikuwa hajawa tayari. Nakataa. Mtu asiye tayari hajibu kwa haraka vile. Aliyekuwa hajawa tayari ni mimi, niliyedhani miaka minane ya dingi ni akiba tupu, isiyo na deni ndani yake. Nilimfundisha boti mpya kama nyongeza, wakati ilitakiwa nitafute kwanza ni mambo gani mkononi mwake yatapingana nayo.

Tulirudi nchi kavu. Tuliiweka boti kwenye nyasi, nahodha akakaa ukingoni na fimbo mkononi, macho amefumba. Mwenzake alisimama nyuma mahali pake sahihi na kuhesabu mkupuo wa kubuni: "Tatu, mbili, moja!" Siku ya kwanza mkono ulisukuma mara saba katika kumi. Sikumkaripia. Tuliendelea kila jioni robo saa, na kila mara nikitaja hali: "Unabisha," au "Spineka iko juu." Nilitaka mkono uulize swali hilo kabla ya kujibu. Lile eneo la katikati, upepo ukiwa ubavuni hasa, ambapo kusukuma na kuvuta kote kunaumiza, tulikubaliana kulipita haraka: wote nyuma, spineka ndani ya mfuko, geuza omo hadi utoke upande wa pili.

Kamba ya tanga kubwa tuliifunga fundo la kuizuia isitoke yote spineka ikiwa juu. Tulishona mfuko wa turubai unaojazwa maji na kuvaliwa mgongoni wakati wa kuinua boti, ili wawili hao wapate uzito wanaoukosa. Waliipindua boti makusudi mara nne mbele ya ufuo, kwenye maji ya kifuani, hadi wakaweza bila mimi. Kanuni moja nilitaka waikariri hadi waiote: mkono mmoja kwenye boti, daima. Na kamba ya tanga kubwa wakati wa kubisha nilimwachia nahodha aishike mwenyewe kwa mwezi mzima. Si desturi ya daraja hili. Lakini alihitaji kuujua upepo wa boti hiyo kwa kiganja chake kabla ya kumpa mtu mwingine, na nilikuwa nimeshamnyima hilo mara moja.

Wiki ya sita tulitoka tena alasiri. Upepo ulikuwa uleule wa kusini-magharibi, noti 13, na juu ya milima ya Nandi mawingu yalikuwa yanaanza kujaa, kwa hiyo nilitaka wote tuwe ufuoni kabla ya saa kumi. Walibisha hadi mbali, wakageuza, spineka ikapanda na kufura. Nilibaki nyuma, mkono kwenye mashine. Mbele ya Dunga maji yakawa meusi nyuma yao, na safari hii mwenzake alikuwa ameshageuza shingo. Sauti yake ilinifikia vizuri juu ya maji: "Unakuja! Tatu, mbili..."

Mkono ulikuwa umeshavuta kabla hajafika moja.